Barua kwa Majini wa Delhi

Tukisikia neno "jini" sisi wa Kenya twafikiri upesi habari za Pwani, mibuyu ya kale na ubani. Lakini neno lenyewe ni la Kiarabu, nalo lilifika Bara Hindi pamoja na Uislamu kama lilivyofika Mombasa. Leo twende Delhi, mji mkuu wa India, ambako wako watu wanaowaandikia majini barua.

Katika mji huo yako magofu yaitwayo Feroz Shah Kotla, ngome ya Sultani Firoz Shah Tughlaq iliyoanza kujengwa mwaka 1354. Mna msikiti wa kale, na chini yake vyumba vya giza. Karibu nao imesimama nguzo ndefu ya jiwe moja, ya zamani za mfalme Ashoka, zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo. Sultani aliagiza iletwe kutoka mbali. Watu husema mkuu wa majini wa pale akaa katika nguzo hiyo, nao humwita Baba wa Nguzo.

Kila Alhamisi watu huja, Waislamu na Wahindu pia. Huwasha mishumaa na udi, huweka maua ya waridi na vitu vitamu, kisha hutoa barua zao. Barua hizi zafanana sana na zile tunazopeleka ofisi ya chifu au ya ardhi: jina, anwani, shida yenyewe, pengine na picha. Tena wengi hutoa nakala kwa mashine, wakaweka moja katika kila chumba na kishubaka, kama mtu apelekaye malalamiko yake kwa kila idara ya serikali. Huomba kazi, afya, amani ya nyumbani.

Majini hao si mizimu ya wafu. Waislamu hufundisha kwamba waliumbwa kwa moto, na kwamba wako wema na wabaya. Mzimu wa mfu huko huitwa bhoot. Yuko pia churel, mwanamke aliyekufa na mimba au katika uzazi, ambaye nyayo zake zimegeuka nyuma. Husemwa kwamba huwarudia kwanza watu wa nyumba yake mwenyewe, hasa kama hawakumtunza. Aliyetunga hadithi hiyo mara ya kwanza, twadhani, aliijua nyumba ya namna hiyo.

Mtu angedhani desturi ya barua ni ya kale kama ile nguzo. Sivyo. Mtafiti Anand Vivek Taneja, katika kitabu chake Jinnealogy cha mwaka 2017, aonyesha kwamba watu walianza kumiminika pale mwaka 1977. Miaka miwili kabla yake Waziri Mkuu Indira Gandhi alikuwa ametangaza Hali ya Hatari. Wazee wetu walijua maana ya maneno hayo tangu 1952. Huko Delhi maskini walivunjiwa nyumba wakahamishiwa pembeni mwa mji, na wanaume wengi walilazimishwa kukatwa uzazi. Hapakuwa na ofisi ya kumsikiliza mtu. Hali hiyo ilipokwisha, watu wakaanza kupeleka maombi yao magofuni.

Sisi hatuwaombi majini, wala hatumshauri Mkristo awaombe. Aliyeumbwa hawezi kukaa mahali pa Muumba. Lakini tusiharakishe kuwacheka wenye barua. Mfalme Hezekia alipopokea barua ya vitisho kutoka kwa Waashuru, aliichukua mpaka hekaluni akaitandaza mbele za Mungu. Yeye alijua mahali pa kuipeleka, na mlango ulikuwa wazi.

Wako na kwetu wanaofika kanisani na shida kama hizo, wakazunguka ofisi zetu na kamati zetu, kisha jioni wakaonekana wakielekea kwa mganga. Twawaita kwenye kikao cha baraza na kuwatenga. Ni mara chache tunamwuliza mmoja wao alikuwa amekwenda kwa nani kwanza, na aliambiwa nini. Hana alipolia Shilo kwa ajili ya mtoto, kuhani Eli alikuwa ameketi pale pale mlangoni akimtazama, akadhani amelewa.