Uwezo wa Spika Mbili za Stirio Kutoa Sauti ya Vipimo Vitatu: Ufafanuzi Unaohusu Urekodi wa Muziki Kipalapala na Tabora

Makala hii inajadili swali moja: je, spika mbili zilizowekwa mbele ya msikilizaji zinaweza kumfanya asikie sauti ikitoka nyuma, juu, ubavuni au mbali, kama ilivyosikika katika tukio lenyewe? Swali hili lina uzito kwa yeyote anayekusanya muziki wa Unyamwezi. Ngoma huchezwa uwanjani. Wapigaji, waimbaji, wenye njuga miguuni na watazamaji wanaoitikia humzunguka mtafiti pande zote. Akirudi chuoni na kuisikiliza rekodi yake kwa spika mbili, duara lote limehamia mbele yake na kuwa mstari. Ni muhimu kujua kama upungufu huo umeletwa na urekodi, na spika, au na sikio lenyewe.

Tuanze na sikio. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza kuwa binadamu hutambua upande wa sauti kwa njia mbili. Kwa sauti nzito, ubongo hulinganisha muda ambao wimbi limefika katika kila sikio. Kwa sauti nyembamba, hulinganisha nguvu, kwa sababu kichwa huweka kivuli upande wa mbali. Tofauti ya muda ni ndogo mno. Sauti inayotoka ubavuni kabisa hufika sikio la pili ikiwa imechelewa kwa takriban milisekunde 0.65 tu. Hata hivyo vigezo hivi viwili havitoshi, kwa maana sauti iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa zote hufika masikioni kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Kinachozitenganisha ni mikunjo ya sikio la nje, ambayo hupunguza baadhi ya masafa na kuongeza mengine kulingana na sauti inakotoka, pamoja na desturi yetu ya kugeuza kichwa kidogo tunaposikiliza.

Stirio hutumia sehemu tu ya uwezo huo. Mhandisi Alan Blumlein, aliyewasilisha ombi la hataza yake nchini Uingereza mwezi Desemba 1931, alionyesha kuwa tofauti ya nguvu kati ya spika mbili hugeuka masikioni kuwa kitu kinachofanana na tofauti ya muda. Ndiyo maana mwimbaji aliyerekodiwa kwa nguvu sawa katika chaneli zote mbili husikika katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Huu ni udanganyifu wenye mafanikio makubwa, lakini mipaka yake iko wazi: picha ya sauti hukaa kati ya spika na spika. Rekodi ya mvua ikinyesha juu ya bati la kanisa, hata ikiwa safi namna gani, itasikika mbele, usawa wa spika, kwa sababu mikunjo ya sikio inaendelea kuuarifu ubongo kuwa chanzo kiko mbele.

Umbali ni habari nyingine, na hapa spika mbili hustahili sifa kuliko zinazopewa kwa kawaida. Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliifahamu kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kirangozi alitangulia, na ngoma na pembe zilitoa ishara. Msafara ulio mbali hutambulika kwa sikio hata kabla haujaonekana: sauti nyembamba zimepungua njiani, na mwangwi wa mazingira umezidi sauti inayofika moja kwa moja. Dalili hizi zimo ndani ya sauti yenyewe. Maikrofoni moja inaweza kuzinasa na spika moja kuzirudisha. Mbili huzidisha tu uwazi wake. Kwa hiyo anayesema kuwa stirio haina kina anakosea; ilichokosa ni kimo na upande wa nyuma.

Je, upungufu huo unaweza kuondolewa? Kikwazo kikuu ni mvujo. Spika ya kushoto husikika pia katika sikio la kulia, ikichelewa kwa takriban milisekunde 0.26 iwapo spika imewekwa nyuzi 30 kutoka katikati. Katika miaka ya 1960 Bishnu Atal na Manfred Schroeder, wa maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha njia ya kuufuta: spika ya kulia itoe wimbi lililogeuzwa, lililocheleweshwa kwa kiasi hicho, ili mvujo ubatilike sikioni. Wimbi hilo la kufuta nalo huvuja kwenda sikio la kushoto, likahitaji la kulifuta, na kuendelea. Kazi hiyo inapofaulu, kila sikio hupata chaneli yake, na rekodi iliyofanywa kwa maikrofoni mbili ndani ya masikio ya sanamu ya kichwa humzunguka msikilizaji kweli. Katika miaka ya karibuni Edgar Choueiri wa Chuo Kikuu cha Princeton ameiendeleza njia hii ili ufutaji usiharibu rangi ya sauti. Jibu la swali letu, basi, ni ndiyo, lakini kwa masharti makali.

Sharti la kwanza ni mahali. Katika masafa ya kilohezi 6 urefu wa wimbi haufiki sentimeta 6, hivyo kusogeza kichwa sentimeta chache kunatosha kuvuruga ufutaji. Hata stirio ya kawaida haivumilii sana. Tuchukue spika mbili zilizoachana mita 2, na msikilizaji aliye mita 2 kutoka kila moja. Akisogea sentimeta 30 kwenda upande, spika moja itamfikia mapema kuliko nyingine kwa takriban milisekunde 0.86, na picha yote itaelekea kuangukia spika iliyo karibu. Sentimeta 30 hazifiki nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi. Waseminari wa Kipalapala wakikaa safu moja kusikiliza kwaya yao wenyewe, mmoja wao ndiye atakayesikia kilichokusudiwa. Sharti la pili ni chumba: sakafu ya saruji, kuta tupu na bati hurudisha sauti kutoka pande ambazo hazikukokotolewa. La tatu ni masikio, kwa kuwa mikunjo ya sanamu si mikunjo ya msikilizaji, na mara nyingi kilichokusudiwa kusikika nyuma hurudi mbele.

Kwa utafiti wa muziki matokeo yake ni ya kivitendo. Hugh Tracey aliporekodi Tanganyika mwaka 1950 alitumia chaneli moja. Nafasi ya kila mchezaji uwanjani haimo katika rekodi hizo wala haiwezi kufufuliwa kwa programu yoyote, ingawa programu inaweza kuibuni. Kubuni huko kusichukuliwe kuwa ushahidi. Vivyo hivyo, kitabu cha nyimbo kilichochapwa Tanganyika Mission Press, hapohapo Kipalapala, huhifadhi maneno na nota, lakini hakisemi sauti ya nne ilisimama wapi. Anayerekodi leo anashauriwa kutumia maikrofoni mbili zilizoachana kama masikio na kuwapa wasikilizaji visikizi vya kichwani, ambavyo havina mvujo, badala ya kutegemea spika. Tasnifu inayodai kutoa sauti ya vipimo vitatu kwa spika mbili ieleze msikilizaji alikaa wapi, chumba kilikuwaje na mvujo ulifutwa vipi. Mchoro wa uwanja, wenye nafasi ya kila mpigaji na ya maikrofoni, uwekwe katika viambatisho pamoja na rekodi yenyewe.