Masisi na Walikale: virusi ya kuhara haisikii antibiotiki

Mtoto akianza kuhara na kutapika, wengi wetu Masisi na Walikale tunakimbilia kununua tembe za antibiotiki. Tunapoteza feza. Kwa wadogo, chanzo kimoja kikubwa ni rotavirusi, na antibiotiki haiuwi virusi. Kuhara damu ni mambo mengine: muganga aone.

Rotavirusi, watafiti wa Melbourne, Australia, waliigundua mwaka 1973. Toka 2019 chanjo yake iko ndani ya kalenda ya Kongo: matone ya mdomoni, ya kwanza mtoto akiwa na wiki 6. Lakini inatunzwa kwenye baridi, digri 2 mpaka 8. Vita ao matope yakifunga barabara, friji inabaki tupu, na mama aliyekimbia anakosa zamu.

Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini. Basi wazazi, tusingojee: litri 1 ya maji yaliyochemka yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, bila kurundika. Tumpe kidogo kidogo, na ziwa la mama liendelee. Macho yakizama, twende mbio kwenye kituo cha afya.

Na wenye silaha, waache chanjo ipite.