Tusiitikie Kabla ya Kuuliza

Mkulima wa miwa kule Ruhembe, wilayani Kilosa, hadanganyiki kwa urefu wa muwa. Anajua kwamba kiwandani watapima uzito, kisha watatazama sukari iliyomo. Leo nataka tupime maneno kwa mizani hiyo hiyo.

Mwaka 2001 Joseph Haule, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Professor Jay, alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Aliiita Machozi, Jasho na Damu. Kabla ya hapo alikuwa katika kundi la Hard Blasters, lililotoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000.

Siku hizo wazazi wengi waliuona muziki wa kufokafoka kuwa ni uhuni wa kuiga Wamarekani. Hawakukosea kabisa, maana ulianza kwa kuiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alijulikana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa Vanilla Ice. Lakini mtoto naye huanza kusema kwa kuiga; ukubwani tunamuuliza ana jambo gani la kusema.

Professor Jay alikuwa nalo. Katika albamu ile umo wimbo wa Ndio Mzee, uliotengenezwa na P-Funk wa Bongo Records. Ndani yake msanii anajifanya mwanasiasa aliyepanda jukwaani kuomba kura. Anamwaga ahadi ambazo hata mtoto angezitilia shaka. Na umati, badala ya kuuliza fedha zitatoka wapi, unaitikia kama jina la wimbo linavyosema.

Watu walicheka, na wazee waliozima redio wakaanza kuongeza sauti. Wengi tulidhani anachekwa mwanasiasa peke yake. Sivyo. Anayechekwa zaidi ni yule anayeitikia. Mwongo bila wasikilizaji ni mtu anayesema peke yake njiani.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwaka 2015 msanii yule yule aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Jimbo hilo ndilo lenye Ruhembe na mashamba yake ya miwa. Aliyeigiza mgombea akawa mgombea wa kweli, mbele ya watu wanaohitaji maji, barabara na bei nzuri ya miwa yao. Alikaa bungeni hadi mwaka 2020.

Kama alitenda ya kutosha au hakutenda, hiyo ni hesabu ya wananchi wa Mikumi wenyewe. Ninalosema ni kwamba wao walikuwa na bahati ambayo majimbo mengi hayana: mbunge wao alikuwa ameandika mtihani wake mwenyewe, miaka 14 kabla hajaufanya. Kila mpiga kura aliyeujua wimbo ule aliweza kumwuliza, "Bwana mkubwa, hili unalotuahidi ni la kweli au ni la kwenye kaseti?"

Swali hilo si la Mikumi tu. Uchaguzi hauishi, na majukwaa hayakosi wasemaji. Atakayekuja kwako akiwa na maneno marefu, mshukuru kwa kufika, kisha fanya kama mkulima wa Ruhembe. Usiusifu urefu. Tafuta sukari.