Tiketi ya Bure na Pasipoti Isiyo Mkononi



Siku hizi kijana wa Chanji akija ofisi ya parokia kuomba cheti cha ubatizo, tusidhani moja kwa moja kwamba anataka kufunga ndoa. Wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vithibitisho ambavyo RITA hupokea ili kutoa cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa nacho kwa kawaida huhitajika katika maombi ya pasipoti. Ndiyo maana karani wa parokia huweza kujua habari za safari kabla ya majirani.

Kwenda nje baada ya kidato cha sita si kosa. Mapadre wetu nao hupelekwa kusoma Roma. Kwa anayekwenda chuo, neno letu ni fupi: aulize TCU kama wakala wake amesajiliwa, na kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa akirudi.

Mashaka yetu makubwa ni kwa wanaokwenda kazini Uarabuni, hasa mabinti wa kazi za ndani. Huko kuna utaratibu uitwao kafala: kibali cha kuishi cha mgeni hufungwa kwa mwajiri wake. Wakala huwaambia wazazi, “Hamtoi hata senti, tiketi ni bure.” Si bure. Mwajiri amemlipa wakala, naye huona amenunua miaka miwili ya binti. Binti akitaka kuondoka mapema huambiwa arudishe fedha zote. Akitoroka, huweza kushtakiwa kwa kutoroka kazini. Kwa ripoti yake ya mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch liliwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang’anywa pasipoti, na wengine kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Oman ililegeza masharti Januari 2021, mfanyakazi akaruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine bila idhini ya yule wa kwanza, lakini ni baada ya mkataba kwisha. Anayeteseka mwezi wa tatu hilo halimfai kitu.

Basi, kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam, wazazi waombe kuuona mkataba wenyewe, si picha ya simu iliyokatwa nusu. Wasome jina la mwajiri, mshahara, siku ya mapumziko, na nani atalipa nauli ya kurudi. Viza iwe ya kazi, isiwe ya matembezi. Leseni ya wakala ithibitishwe kwa TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira. Wakala anayesema “mambo ya ofisini niachieni mimi” tunamtilia shaka, hata kama ni shangazi wa mtu au muumini mwenzetu wa jumuiya.

Nakala za pasipoti, viza na mkataba zibaki nyumbani Chanji, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu Muscat. Binti naye aikariri namba hiyo, kwa sababu simu nayo huweza kuchukuliwa.