Cri-Cri: Injini Mbili, Kilo 78

Tarehe 19 Julai 1973, rubani Mfaransa Robert Buisson alipaa kwa mara ya kwanza na kindege kilichobuniwa na mhandisi Michel Colomban. Kiliitwa Cri-Cri, jina la utani la Christine, binti wa Colomban. Toleo la MC15, likiwa halina rubani wala mafuta, lina kilo 78 tu. Pikipiki ya bodaboda hupita kilo 100. Na bado lina injini mbili! Ndege ndogo zaidi ya injini mbili inayobeba mtu ndiyo hii.

Akili ya Colomban inaonekana hasa mahali alipoziweka injini. Katika ndege nyingi za injini mbili injini hukaa mbali kwenye mabawa, hivyo moja ikizima, nyingine huisukuma pua kwa nguvu kuelekea upande uliokufa. Mwendo ukiwa mdogo, usukani wa mkia hushindwa kuirudisha, na marubani wengi wamepoteza maisha namna hiyo. Injini za Cri-Cri zimeshikiliwa na mikono miwili inayochomoza puani, mbele ya miguu ya rubani, na propela zake karibu zigusane. Ikizima moja, ndege huvutwa upande kidogo tu, na inayobaki huweza kuendelea kuipandisha, ingawa polepole.

Kila injini ya MC15 ina silinda moja na nguvu ya farasi 15, nayo hunywa petroli iliyochanganywa na oili.

Wengi wa wanaoirusha wameiunda wenyewe kwa michoro ya Colomban. Bawa ndilo linalodai mkono mtulivu: ni mita 4.9 kutoka ncha hadi ncha, lakini ni jembamba sana. Mbavu zake ni za povu gumu, na juu yake hubandikwa bati jembamba la alumini kwa gundi. Bati likikaa vibaya, hewa haipiti vizuri juu ya bawa. Likikaa sawasawa, kindege hiki hukaribia kilomita 200 kwa saa na hupiga sarakasi angani bila wasiwasi.

Siku hizi wapo walioondoa petroli kabisa. Mwaka 2010 kampuni ya EADS, ambayo baadaye iliitwa Airbus, na washirika wake walirusha Cri-Cri yenye mota nne za umeme. Tarehe 9 Julai 2015 Hugues Duval alivuka mlango-bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa Cri-Cri ya mota mbili za umeme, siku moja kabla ya ndege ya umeme ya Airbus, E-Fan, kuvuka maji hayohayo.