Je, Wajua? Jina hutangulia jino

Mtoto wa miezi 4 na nusu, kinywa bado kitupu, tayari hulitambua jina lake. Hulisikiliza kwa muda mrefu kuliko majina mengine, hata likitajwa na mgeni. Maana yake hajui. Ameizoea sauti tu.

Kulitamka huja baadaye, na hapo makofi husaidia. Ju-ma, makofi mawili. A-mi-na, matatu. Mwa-na-i-di, manne! Mchezo huu ni kama ulitungiwa Kiswahili: silabi nyingi huishia kwa irabu, kila kofi lina mahali pake.

Herufi ya kwanza ya jina huwa kipenzi. Saidi akiiona S kwenye gunia la sukari, atadai gunia ni lake. Usibishane naye. Mpangie jina kwa vifuniko vya soda, au alichore mchangani kwa kidole. (Vifuniko ni vya aliyekwisha acha kutia kila kitu mdomoni.)

S imegeuka nyuma? Tulia. Watoto wengi huandika herufi kinyume, kama kwenye kioo, hadi miaka 6 au 7.