Fahamu: Vifaa vinavyobadili umbo ili kuponya mifupa

Uchapishaji wa 4D hutengeneza vitu vya pande tatu kwa malighafi inayobadili umbo baadaye, ikiguswa na joto, maji au sumaku. Dhana hiyo ilivuma mwaka 2013 kupitia Skylar Tibbits wa chuo cha MIT, Marekani.

Kwa mfupa uliopotea sehemu, kiunzi chenye vitundu huchapishwa kwa plastiki inayokumbuka umbo lake, kisha hukunjwa. Daktari hukipitisha kwenye mkato mdogo. Joto la mwili, takriban nyuzi 37, hukikunjua hadi kijaze pengo. Seli za mfupa huota vitunduni huku plastiki ikimeng'enywa polepole. Tafiti nyingi bado ziko maabara na kwa wanyama.

Wakati plastiki hiyo bado inajaribiwa, metali ya tantalamu, itokayo kwenye madini ya koltani, tayari hutumika katika vipandikizi vya nyonga na goti, kwa kuwa mwili huipokea na mfupa huota ndani yake. Mji wa Rubaya, katika wilaya ya Masisi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una machimbo ya koltani yaliyo miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Aprili 2024.

Majeruhi wengi wa risasi kutoka wilaya za Masisi na Walikale hutibiwa katika jiji la Goma, ikiwemo katika hospitali ya Ndosho inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu. Risasi huvunja mfupa vipande vipande na kuacha mapengo. Majeraha ya namna hiyo ni miongoni mwa yale ambayo viunzi vya 4D vinaweza kuja kuyasaidia.